Chapati za Malkia

Jana kituo cha basi cha Mount Dennis, huku ughaibuni, nilimwona mbwa wa mbio, mwembamba, kavalishwa koti. Harufu ya manyoya yaliyoloa ikanirudisha kwa Malkia.

Mjomba alikuwa anamtunza Malkia, mbwa wa mbio wa mzungu mmoja. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, tulimpeleka kwenye mchujo: akikimbia vizuri, anaingia mashindano makubwa, akishindwa, mwenyewe hamtaki tena. Tangu asubuhi Mjomba alikuwa hajamlisha.

"Akiwa na njaa ndiyo anakimbia," aliniambia, "kama wewe ukisikia pilau."

Mimi niliona ni roho mbaya tu. Kwetu mtu hatoki nyumbani na njaa, Mama angemrudisha mezani. Basi nyuma ya gari nikampa Malkia chapati zangu mbili, akanilamba vidole.

Akafika wa mwisho, anahema.

"Hukumpa kitu wewe?"

"Sijampa, Mjomba."

Yule mzungu akamfungia kwenye gari lake. Mjomba, bila kuniangalia, akasema anapelekwa shamba kupumzika. Nikampungia mkono kwa furaha.

Sasa najua hakukuwa na shamba. Jana yule mbwa aliponisogelea kuninusa vidole, niliviingiza mfukoni haraka.