Siku Niliyomnasa Mama Mkwe kwa Ndoano ya Trauti

Jamani, hii hadithi huwa naisimulia nikiwa nimekaa, kwa sababu nikisimama magoti yanaikumbuka, na kama kuna mtu hapa ana jamaa upande wa Kitale aliyekuwa kwenye hema siku hiyo, naomba anyamaze mpaka nimalize, halafu aongeze chumvi yake. Mimi Simiyu, mtu mzima, baba wa watoto watatu, mzee wa kanisa (sawa, bado niko kwenye majaribio), nilimnasa mama mkwe wangu kwa ndoano ya samaki mbele ya mchungaji, kwaya na ukoo mzima wa mke wangu.

Chanzo kilikuwa uchovu. Nafanya kazi katika ofisi moja hapa Bungoma, kwenye dirisha la vyeti vya kuzaliwa, na kwenye dirisha hilo watu hunijia wakiwa wameshakasirika, mtandao ukipotea ni mimi nimeuficha, jina likikosewa ni mimi, na hata yule anayepata cheti chake bila shida hukinyakua na kwenda zake kama amekiokota njiani. Miaka kumi na moja, na asante nilizosikia zingetosha vidole vya mkono mmoja. Sasa siku moja rafiki yangu Kiprop, tuliyesoma pamoja na ambaye anaishi Kitale, akanitumia picha ya mto fulani huko juu Mlima Elgon, maji meupe baridi, msitu pande zote, na samaki mwenye madoadoa anayeitwa trauti amelala kwenye kiganja chake. Chini yake ameandika, "Huku hakuna foleni, bana."

Basi nikashikwa. Mwezi mzima nilipanga safari hiyo kuliko nilivyopanga harusi yangu, usiku natazama video za wazungu wakirusha kamba, mchana wakati wa chakula nafanya mazoezi ya mkono kwa ufagio kwenye korido ya ofisi (bosi alinikuta mara mbili, mara ya pili akaniuliza kama nyumbani ni salama). Kiprop akatafuta kibali, akasema fimbo ya kuvulia ataniazima, kilichobaki ni siku.

Na siku ndiyo ilikuwa balaa, maana Jumamosi aliyoipata Kiprop ilikuwa ile ile ya maombi ya shukrani nyumbani kwa wakwe zangu, nje kidogo ya mji wa Kitale. Mama mkwe alikuwa amelazwa hospitali miezi miwili kwa sababu ya mguu, mke wangu Nelima akaenda kumwuguza na akabaki huko, sasa mama anatembea na familia inataka kumshukuru Mungu, na baada ya maombi mimi ndiye wa kumrudisha Nelima nyumbani.

"Simiyu, nakujua," Nelima aliniambia kwa simu. "Hiyo siku utakaa mpaka watu waende. Ukitoroka hata dakika tano, utarudi Bungoma peke yako, na hapo sichezi."

Nikasema sawa, nitakaa. Halafu nikakata simu na kumpigia Kiprop, nikamwambia anichukue kwenye geti saa nane kamili, nikijua kwamba saa nane watu watakuwa kwenye chakula na hakuna atakayenitafuta. (Ndiyo, najua. Msiniangalie hivyo.)

Asubuhi ya Jumamosi nilipitia kwa Kiprop, akanipa fimbo iliyokunjwa ndani ya mfuko, na kikopo cha ndoano zilizofungwa manyoya zifanane na nzi. "Ukipata nafasi jaribu kurusha," akaniambia, "lakini usiweke ndoano. Funga kipande cha uzi wa sweta." Mimi nikaitika vizuri kabisa.

Mahubiri yalikuwa marefu. Mchungaji alianzia kwa Nuhu, na nilipoona bado hajafika nchi kavu nikachomoka polepole kutoka kiti cha nyuma ndani ya hema, nikachukua mfuko wangu kwenye gari, nikaenda nyuma ya zizi la ng'ombe ambako kuna uwanja mzuri wa nyasi. Nikaunganisha fimbo, kazi iliyonimeza nusu saa nzima, nikapitisha kamba, nikatoa uzi wa sweta, nikautazama, nikaona kwamba mwanamume wa miaka arobaini na mbili kurusha uzi wa sweta ni kujidharau. Nikafunga ndoano, ya kurusha mara moja tu.

Nikarudisha fimbo nyuma kama kwenye video, nikaitupa mbele, kamba haikuja. Nikadhani imeshika majani ya ng'ombe, nikavuta kidogo, nikahisi kitu kinavuta pia, na kile kigurudumu cha kamba kikaanza kuzunguka chenyewe, krrrrr. Nikageuka. Niliyemwona ni mama mkwe, amenipa mgongo, anaondoka kwa haraka akichechemea kurudi kwenye hema, na ndoano yangu imekaa kwenye fundo la kitambaa chake kipya cha kichwa.

Sasa kwa asiyejua, kwetu mama mkwe na mkwe ni watu wa kuheshimiana kwa mbali. Hamshikani mikono, hamkai pamoja, mkikutana njiani mmoja anapinda, na maneno yenu hupitia kwa mtu mwingine. Yeye kuniona tu alikuwa amegeuka kama inavyotakiwa. Kwa hiyo siwezi kumkimbilia, siwezi kumgusa, na nikikaza kamba kitambaa kitatoka kichwani, na mkwe kuona kichwa cha mama mkwe wazi ni mambo ambayo wazee huitiwa kikao. Nikafanya kitu pekee nilichoweza, nikamfuata. Hatua kumi nyuma, fimbo juu, naachia kamba, jasho linanitoka.

Tukaingia kwenye hema hivyo, yeye mbele, mimi nyuma.

Kwaya ilikufa sauti moja baada ya nyingine. Nikamwona Nelima amesimama, mkono mdomoni. Nikataka kumpungia kwamba nitaeleza, nikasahau kwamba mkono huo ndio ulioshika fimbo, kamba ikakaza, na kitambaa kikaruka kutoka kichwani kwa mama mkwe, kikapita juu ya mchungaji, kikaja kutua kifuani kwangu.

Nikafumba macho, nikapiga magoti, nikatazama chini. Nilisikia leso zikipita haraka haraka za kumfunika mama, na hapo nilijua kabisa kwamba naenda kulala peke yangu Bungoma kwa miaka mingi.

Kisha mama mkwe akasema, bila kunitazama, akimwambia kukhu, nyanya yake Nelima, ambaye kwa desturi anaruhusiwa kunitania anavyotaka, "Mwulize mkwe wangu, huko kwa ng'ombe alikuwa anatafuta samaki gani?"

Kukhu, ambaye tulikuwa mita tatu kutoka kwake, akapaza sauti kama niko Uganda, "Ati samaki gani?"

"Mwambie mama, trauti."

"Anasema ni tulauti."

"Mwulize kwa nini leo."

Basi nikasema ukweli, nikiwa bado nimepiga magoti na kitambaa cha watu mkononi. Nikasema nimechoka, nikasema habari ya Kiprop na saa nane, nikasema kazi yangu haina shukrani na nilitaka tu mahali ambapo hakuna mtu. Kukhu akayarudia yote kwa sauti kubwa, na yakitoka kwa kinywa chake yalisikika ya kitoto sana.

Mama mkwe akaikaza leso kichwani. Halafu akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, "Mwambie jina lake limeitwa hapa mbele mara tatu. Ndiyo maana nikaenda kuchungulia jikoni, kisha kwa ng'ombe, kama yuko. Mwambie nililala hospitali wiki nane, na kila Jumapili kulikuja chupa ya uji wa wimbi kutoka Bungoma, moto, na mwenye kuileta aliiacha kwa mlango wa wodi kwa sababu hangeweza kuniona nimelala. Wanangu wengine walikuja na mikono mitupu. Nilitaka nimshukuru leo mbele ya watu, maana sina siku nyingine ya kumwambia."

Kukhu alianza kurudia, akashindwa, akajipangusa pua. Mimi nilikuwa nimeshasikia. Nililia, jamani, nililia mbele ya kwaya, na sioni aibu kusema, kati ya aibu zote za siku hiyo, hiyo ndiyo ndogo.

Wazee wakataka nitozwe faini ya jogoo na blanketi. Mama mkwe akakataa. "Mwambieni anilipe huyo samaki wake. Na aende na mke wake, asipotee."

Kiprop nilishamwambia asinisubiri, na Nelima akapandisha mfuko wake kwenye gari saa kumi na moja jioni, watu wote wakiwa wameshaenda. Njia nzima alicheka. Mara alinishika bega, akaanza kucheka tena.

Jumamosi iliyofuata tulipanda mlimani na Kiprop, tukakaa kutwa, nikapata trauti mmoja wa urefu wa kiganja, nikampelekea kukhu ampeleke ndani, mimi nikabaki nje kwenye geti nikitazama barabara kama mkwe mwenye adabu. Tangu siku hiyo nimeapa kwamba ndoano haitoki kwenye kikopo mpaka miguu yangu iwe ndani ya maji, na kwenye maombi ya watu nitakaa mpaka amina ya mwisho. Baada ya nusu saa kukhu akatoka anajipangusa mikono.

"Anasema samaki ni mudogo," akapaza sauti. "Anasema hata paka angelalamika. Anasema asante, mwanangu."