Majibu Yaliyongoja Wenyewe

Pale kituo cha afya walimwita Mama Daftari. Alikuwa na watoto watatu, na hakuna hata mmoja aliyepewa jina hilo. Lilitokana na daftari kubwa la jalada jekundu alilolikumbatia tangu saa moja na nusu asubuhi mpaka mgonjwa wa mwisho atoke. Huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa akiwa karani wa mapokezi. Ukimwambia umepoteza kadi, atakutazama juu ya miwani mpaka ukumbuke mwenyewe ulipoiacha. Lakini sifa aliyojivunia kuliko zote ilikuwa moja: hajawahi kufungua bahasha ya mtu.

Majibu ya vipimo yalitoka maabara ya hospitali kubwa, kila moja ndani ya bahasha ya kaki iliyogandishwa kwa gundi, juu yake namba tu, bila jina. Mama Daftari aliandika tarehe ya kufika juu ya bahasha, akaitumbukiza kwenye boksi la karatasi lililokaa chini ya meza yake. Ubavuni mwa boksi alikuwa ameandika kwa kalamu nene: WANANGOJWA WENYEWE. Mwenyewe akija kuuliza, anapewa. Asipouliza, bahasha inakaa. Siri ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa, alisema, na hakuna aliyembishia.

Kisha likaja suala la chumba kipya. Kituo kilichaguliwa kuanza kuwapima wanawake saratani ya mlango wa kizazi papo hapo, majibu siku hiyo hiyo, badala ya kusubiri madaktari wa hospitali kubwa waliopita mara moja kwa mwaka na kuondoka na sampuli zao. Sista mkuu akarudi kutoka mafunzoni na orodha ya kurasa nne. Stoo ikatolewa ndoo zilizotoboka na viti vya miguu mitatu, ikapakwa rangi, ikatiwa kitanda, pazia, taa ya shingo ndefu na chupa za siki.

"Siki?" mlinzi akauliza. "Mnapima watu au mnapika?"

Sista akamweleza kwamba siki ikipakwa kwenye mlango wa kizazi, sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe ikaonekana kwa macho. Akamweleza kwa kirefu, na mlinzi akajuta kuuliza.

Ukurasa wa nne ndio uliomfikia Mama Daftari. Kabla ya chumba kufunguliwa Jumatatu, kila jibu la zamani lijulikane ni la nani, na mwenyewe awe amelipata. Ijumaa asubuhi sista akaliburuta boksi, akaketi sakafuni na sare yake nyeupe, akaanza kuchana bahasha moja baada ya nyingine.

"Sista, hizo si zetu," Mama Daftari akasema.

"Za nani basi? Wenyewe hawajui hata kama zipo."

Nyingi zilikuwa njema. Nne hazikuwa njema. Sista aliinuka na zile nne, uso umembadilika, akaenda ofisini kwake kupiga simu, akamwambia karani amalizie zilizobaki. Basi Mama Daftari akachana bahasha ya kwanza maishani mwake. Hakuna tatizo. Akachana ya pili. Hakuna tatizo. Ya tatu ilikuwa namba 417, nayo ilisema: mabadiliko yasiyo ya kawaida, arudi kwa uchunguzi ndani ya wiki sita. Tarehe ilikuwa ya miezi kumi na minne iliyopita.

Akafungua daftari jekundu, alimoandika namba na jina la kila aliyepimwa, akashuka na kidole mpaka 417. Jina alilolikuta lilikuwa kwa mwandiko wake mwenyewe, na lilikuwa la wifi yake.

Wifi huyu ni dada wa mumewe, fundi cherehani, mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Jumapili moja, baada ya kupimwa, alimuuliza mezani akiwa na kijiko mkononi: "Majibu yangu vipi, mama wa mafaili?" Na Mama Daftari akamjibu bila hata kuinua uso kwenye sahani: "Ukiona kimya ujue huna neno. Wenye matatizo huitwa." Huitwa na nani? Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumwona mtu akiitwa. Alilisema tu, kama watu wasemavyo mambo mezani, na kwa kuwa ni yeye mwenye daftari, wifi akaamini.

Alisikiliza. Sista bado alikuwa kwenye simu. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, na bahasha tupu akaisokomeza chini ya nyingine. Hofu iliyokuwa imemshika haikuwa ya kufukuzwa kazi. Aliogopa uso wa wifi yake. Saa ya kula mchana akashika njia ya kwenda kwa wifi, huku akipanga maneno: atamwambia Jumatatu tunafungua chumba, njoo uwe wa kwanza, unipe heshima. Atapimwa upya, atapata jibu jipya, la zamani halitajulikana. Akajiambia hivyo ni kumhurumia mgonjwa asishtuke. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilikuwa mitaa miwili tu.

"Leo jua limechomoza wapi?" wifi akapaza sauti alipomwona mlangoni. "Kama umefuata gauni, lina mkono mmoja. Ukiwa na haraka livae hivyo hivyo, mkono wa pili utakufuata nyumbani."

Mama Daftari akacheka mahali ambapo hakukuwa na haja ya kucheka sana. Akaketi kwenye benchi la wateja, akatoa maneno yake aliyoyapanga.

"Mimi?" Wifi alikuwa akitia uzi kwenye sindano. "Mimi si nilishapimwa? Wewe mwenyewe uliniambia sina neno. Nafasi yangu mpe mwingine, wifi. Wapo wenye shida."

"Njoo tu."

"Nije kufanya nini? Kujianika bure?"

"Wifi, nakuomba."

Wifi akaacha uzi, akamtazama, na kile kicheko kikaondoka usoni kidogo kidogo. Mama Daftari akatafuta uongo mwingine akaukosa. Akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi, akaiweka juu ya kitambaa cha gauni lake mwenyewe kilicholala kwenye cherehani.

Wifi aliisoma mara mbili. "Hii ni ya mwaka jana," akasema.

"Sikuijua, wifi. Haki ya Mungu. Juu ilikuwa namba tu."

"Namba." Akalirudia neno polepole. "Na namba hiyo ilikuwa chini ya meza yako."

"Ndiyo."

"Tangu hapo nimekula kwako Jumapili ngapi?"

Machozi yalikuwa yakimtoka Mama Daftari, na aliona aibu kuyatoa yeye badala ya mwenye karatasi.

"Natokwa na damu," wifi akasema, kwa sauti ndogo ambayo Mama Daftari hakuwahi kuisikia kwake. "Tangu mwezi wa tatu. Nikajiambia ni umri. Nikajiambia, wangeniita."

Mchana ule Mama Daftari alirudi kituoni akamweleza sista yote, hata bahasha aliyoificha. Sista hakumkaripia, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Akaiongeza 417 kwenye zile nne, wakawa watano, na karani akaambiwa wawili kati yao awapigie yeye. Akawapigia. Kila simu ilipoita alitamani isipokelewe, na zote mbili zilipokelewa.

Jumatatu wifi alikuwa wa kwanza kwenye chumba kipya. Mama Daftari alisimama nje ya mlango, akiwaandikisha wanawake wengine bila kusikia majina yao, akawauliza mara mbili mbili. Alisikia taa ikisogezwa. Alisikia sista akisema, "Legeza miguu, dada yangu, vuta pumzi." Kisha kimya, kirefu mno. Kimya alikijua, ndicho alichokuwa akiwagawia watu miaka yote.

Sista alipotoka aliwavuta wote wawili pembeni. "Kuna doa jeupe, na ni kubwa kuliko tunavyoruhusiwa kutibu hapa. Sitasema ni saratani na sitasema siyo. Kesho asubuhi uwe hospitali kubwa, wanakusubiri."

"Lingekuwa dogo mwaka jana?" wifi akauliza.

Sista akaangalia sakafu. "Huenda."

Barua ya rufaa ilihitaji muhuri, na muhuri ulikaa kwenye meza ya mapokezi. Mama Daftari akanyoosha mkono kuipokea. Wifi akailaza barua mezani, lakini hakuiachia. Aliikandamiza kwa vidole vyake vyote vya kifundi, kama anavyoshika kitambaa chini ya sindano.

"Piga hivyo hivyo," akasema. "Nimeishika."

Mama Daftari akapiga muhuri taratibu, akiogopa kumgusa, na wino ukaingia kidogo kwenye kidole cha wifi yake.