Chanja Mbili za Skolastika

Eliakimu alilibeba jeneza la mama mzazi wa Skolastika begani mwake, pale Ujiji, kutoka barabarani mpaka kaburini. Miaka minne baadaye maofisa walipokuja Kibirizi, mwalo wa wavuvi, kuandikisha watu, akamnyooshea Skolastika kidole mbele yao akasema, "Huyu mwanamke sijui alikotoka. Nimemkuta tu hapa mwaloni."

Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na neno la balozi ni muhuri. Jina la Skolastika likapigwa mstari. Kibanda chake cha kukaushia samaki, mgeni haruhusiwi kuwa nacho. Kabla mvua hazijaanza, moshi ulikuwa unatoka tena kwenye paa lile, na aliyekuwa akichochea moto ni mke wa Eliakimu.

Skolastika alizaliwa Ujiji. Mama yake alikuwa amevuka kutoka Burundi akikimbia mauaji, na hakumpeleka mtoto shule kwa sababu shule iliuliza maswali. Alimfundisha samaki. Akiwa na miaka saba Skolastika alijua kupasua mgebuka bila kupasua nyongo. Akiwa mtu mzima, na sasa hana kibanda, alijenga chanja mbili za kukaushia samaki nyuma ya nyumba ya kupanga, akaanza upya na miti ya kuokota.

Chanja zilikuwa mbili kwa sababu ya Watu wa Agano. Hao ni waumini waliofika kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya ziwa, nyumba zao za sala zikiwa zimechomwa moto. Hawagusi samaki asiye na magamba, wala aliyekaushwa naye juu ya moto mmoja. Skolastika alikuwa Mkatoliki, imani yao haikumhusu. Lakini alimwona mzee wao Nehemia akivua shati kuoga ziwani, akaona mgongo wake ulivyochanika kwa viboko. Basi mgebuka na kuhe, wenye magamba, wakakaa chanja ya kushoto. Singa, yule mwenye sharubu na ngozi tupu, akakaa ya kulia. Hakuchanganya hata siku moja.

Na kila Ijumaa, kwa miaka kumi na moja, Eliakimu alituma mtu achukue kichwa cha singa, chanja ya kulia. Skolastika aliuza. Samaki huuzwa hata kwa adui. Lakini kila alipofunga kile kichwa kwenye gazeti alisema moyoni, kula, mwanamume, kula unenepe, siku yako ipo.

Mwaka huu siku ikaanza kusogea. Kamati ya serikali ilipita kwenye kata ikiuliza watu: je, waliokimbia kwa kuteswa kwa ajili ya dini yao wapewe uraia haraka, wasisubiri foleni? Mkutano ulijaa mpaka dirishani.

"Wapewe," alisema mmoja. "Aliyechomewa nyumba ya Mungu hana pa kurudi."

"Na mimi niliyechomewa nyumba ya kawaida?" akajibu mwingine. "Moto wangu ulikuwa wa baridi?"

Fatu wa Ujiji, muuza dagaa, rafiki wa Skolastika, akainuka na kanga yake begani. "Mimi naomba kuuliza tu. Mkishapitisha hilo, ziwa lote hili litatosha kubatizia watu?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Skolastika hakucheka. Alikuwa anamfikiria binti yake Happiness, aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi akarudishwa mlangoni kwa kukosa namba ya kitambulisho. Miaka hamsini kwenye foleni, na sasa foleni inapata mlango wa pembeni. Aliona wivu, wala hakujidanganya. Lakini aliukumbuka mgongo wa Nehemia akanyoosha mkono: wapewe.

Kata ikaagizwa kutengeneza orodha, kila mwombaji awe na shahidi wa nje ya dini yake, aliyemjua miaka saba, awe na karatasi au asiwe nayo. Nehemia akasema bila kusita, "Shahidi wetu ni Mama Happiness. Yeye anajua nani anakula nini."

Siku ya tatu baada ya hapo, saa nne asubuhi, Eliakimu akaja nyuma ya nyumba. Amevaa shati jeupe la Agano, limefungwa mpaka kooni. Amebeba kilo mbili za sukari.

"Mwakeye, Mama Happiness," akamwamkia kwa Kiha.

"Karibu, balozi. Leo siyo Ijumaa."

Akajichekesha. Kisha akasema lililomleta. Ukaguzi wa vitambulisho ulikuwa umemfikia yeye mwenyewe. Kasulu, alikosema kazaliwa, haikumjua: hana baba kule, hana shule, hana jirani. Naye alivuka ziwa, kama mama wa Skolastika, ila yeye alivuka akafunga mdomo na kuwanyooshea wengine kidole. Sasa amebatizwa Agano, miezi sita imepita. Alitaka Skolastika aseme ni miaka kumi na mitano.

"Dada yangu, neno moja tu."

Skolastika aligeuza mgebuka mmoja, akageuza wa pili. Waliomjua mama yake walikuwa wamekwisha kufa wote. Aliyebaki hai, aliyelibeba lile jeneza, alikuwa huyu aliyechuchumaa mbele yake na sukari.

"Nina neno lako, na wewe una langu," akamwambia. "Twende kwa ofisa wa orodha sasa hivi. Useme: mama yake nilimjua, nilimzika, binti kazaliwa hapa, nilidanganya. Ukimaliza wewe, nasema mimi."

"Nikisema nilidanganya, mimi wataniamini nini tena? Lipite langu kwanza. La kwako nitalisema baadaye, haki ya Mungu."

"Mungu yupi? Wa Ijumaa au wa miezi sita?"

Eliakimu akasimama. "Mama Happiness, usijisahau. Bado huna karatasi."

Pale ndipo alipokosea. Angelia, pengine Skolastika angeyumba. Aliwahi kuyumba kwa machozi madogo kuliko hayo. Lakini alitishwa kwenye moshi wake mwenyewe.

"Chukua sukari yako," akasema. "Tutaonana mezani."

Mezani alikaa ofisa mwanamama mwenye miwani. Skolastika alitaja jina la Nehemia na majina ya watu wake wote mmoja mmoja, wale wa chanja ya kushoto, mpaka vikongwe. Ofisa akauliza, "Na Eliakimu?"

Eliakimu alikuwa benchi la mbele, mikono magotini.

"Huyu namjua vizuri," alisema Skolastika. "Mimi siwezi kusema simjui. Miaka kumi na moja nimemuuzia kichwa cha singa. Anapenda macho."

Benchi la Agano liliguna kwa pamoja. Fatu, mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika, "Na sharubu ameziweka wapi?" Nehemia hakucheka. Alimtazama Eliakimu kwa muda, kisha akafumba macho. Ofisa akapiga mstari, na Skolastika, asiyejua kusoma, aliutambua mstari ule. Alikuwa ameuona mara moja, ukipita juu ya jina lake.

Alirudi nyumbani akala vizuri. Hakumwonea huruma, wala haoni kwa nini amwonee. Waliochomwa hakuwachukia; alimchukia aliyejipaka majivu ya moto usiomuunguza.

Jioni Happiness alimuuliza taratibu, "Mama, sasa wewe atakusemea nani? Hata huyo akisema leo, nani atamwamini?"

Skolastika alikuwa amelijua hilo tangu chanjani. Alikuwa amelichoma neno pekee lililobaki, kwa moto wake mwenyewe. Alichochea moto mpaka maji ya ugali yakachemka.

"Asiaminiwe," akasema. "Lakini aseme."

Kwa hiyo deni liko pale pale. Eliakimu anadaiwa sentensi moja: aende Ujiji, pale kaburini, mbele ya Happiness na yeyote atakayekuwapo, aseme kwamba huyu mama alimjua, na kwamba alimbeba kwa bega hili. Karatasi haitatoka kwa hilo. Skolastika anaitaka sentensi hiyo vilevile, na kila Ijumaa, anapofunga kichwa cha singa cha mteja mwingine, hutazama njia.