Lita Moja ya Shule

Mwalimu Bertilla alipenda usafi mpaka ukawa ugomvi. Huko Pito, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, watoto wake wa darasa la pili walijua kwamba ukija na kucha nyeusi unarudishwa nje ukazikate, hata kama hesabu zimeshaanza. "Kinga ni bora...," angesema, nao wangemalizia kwa pamoja, maana waliisikia kila siku ya Mungu.

Kiangazi hiki bomba la shule lilipokauka, hakukubali kushindwa. Alitundika kibuyu chirizi karibu na choo: dumu lililotobolewa, kamba, na kijiti cha kukanyagia ili maji yachirizike bila mtu kulishika. Kisha akaagiza kila mtoto aje na lita moja kila asubuhi. Siku ya kwanza wengine walileta maji ya kisimani, mekundu kwa tope. Akayamwaga palepale, mbele ya wote. "Mkono mchafu hauoshwi kwa maji machafu. Nataka maji ambayo ukitumbukiza kidole unakiona." Kesho yake yakaja maji safi, na yeye, jamani, wala hakujiuliza yametoka wapi. Alifurahi tu.

Aliyeongoza kwa usafi alikuwa Leonia, mtoto anayelelewa na bibi yake, Josefina, mkulima wa ulezi. Maji yake yalikuwa maangavu kuliko ya wote. Alisugua mpaka katikati ya vidole, akahesabu hadi ishirini, na aliyeruka namba alimsuta bila huruma. Darasa zima lilimpigia makofi mara mbili.

Kwa hiyo alipoambiwa Leonia anaharisha, Bertilla aliduwaa. Angekuwa Enock, anayepangusia mikono kwenye kaptula, sawa. Lakini Leonia? Alikagua sabuni. Alinusa dumu. Aliwahoji wapishi wa uji mpaka wakanuna. Hakupata kitu. Mtoto alirudi baada ya siku tatu, amekonda, na lita yake mkononi. Wiki iliyofuata akaugua tena, na safari hii hakuweza hata kusimama. Kichwa cha mwalimu kikavurugika. Ikiwa kunawa ndiyo kinga, mbona anayenawa kuliko wote ndiye anayeumwa kuliko wote? Au miaka yote hii amekuwa akiwadanganya watoto wa watu? Alimwogopea Leonia, na aliogopa jibu.

Jumamosi akaenda kwao. Njiani alishapanga maneno yote: bibi huyu hanawi, anasonga ugali kwa mikono ya shambani. Ukweli ni kwamba alitamani iwe hivyo, angalau apate wa kumlaumu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu." Josefina aliinuka haraka kama mtu aliyefumaniwa. Mgeni hajakaa vizuri, bibi akaingia ndani akatoka na chupa ya lita moja, imejaa, imefungwa. "Nisamehe. Mtoto hajaja shule siku mbili, nikasema mwalimu atayafuata mwenyewe. Haya hapa. Nimeyachemsha jana, yamepoa."

Bertilla hakuelewa. "Unachemsha maji ya kunawa, bibi?"

"Sasa nimpe ya tope ukayamwage mbele ya wenzake? Alilia siku ile mpaka akakataa kula." Bibi alisema bila hasira, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Nayaacha yatuame, nayachuja kwa kitenge, nayachemsha. Zamani tulikuwa tunakunywa hayo. Sasa kuni ziko mbali, ninazopata zinatosha ugali na lita hiyo moja. Ndiyo ya shule."

"Na ninyi mnakunywa nini?"

Josefina alionyesha ndoo iliyokuwa mlangoni. Mwalimu akainama kuchungulia. Hakuona kitako cha ndoo kwa tope.

Leonia alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imekauka. Bertilla alipiga magoti, akafungua ile chupa akajaza kikombe. "Kunywa, mwanangu."

Mtoto aliyatazama yale maji, kisha akageuzia uso ukutani.

"Hayo ni ya kunawia, mwalimu," akasema. "Nikiyanywa, Jumatatu nitakuja na nini?"