Siku Kituo Chetu Kiliponitangaza Marehemu

Niliwahi kufa mara moja, na aliyenitangaza ni kituo cha televisheni nilichokuwa nikikifanyia kazi.

Kilikuwa kituo kidogo, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa mjini Tabora, miaka ile kabla ya ving'amuzi. Mtambo wetu ulikuwa dhaifu. Ukitoka mjini kidogo picha inakuwa chenga, ukifika Isikizya huoni kitu. Lakini watu walitupenda, na sijidanganyi, hawakupenda sura zetu. Walipenda matangazo ya vifo. Saa kumi jioni mji ulikaa kimya kusikiliza nani katutoka na maziko ni lini, na msomaji nilikuwa mimi. Wauza dagaa sokoni wakaniita Mama Misiba. Niliwanunia, wakazidi kuniita.

Fundi mitambo wetu alikuwa Mzaramo. Mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Utani huo ni wa tangu babu zetu walipobeba pembe kwa miguu hadi pwani na kukutana na babu zake. Mtani hakasirikiwi, hata akuzushie nini. Kila asubuhi aliniuliza, "Mpagazi, bado tu hujafa?" Nami namjibu, "Nakusubiri utangulie, nikusome vizuri."

Kisha tajiri wetu akanunua mtambo wenye nguvu zaidi, na mlingoti ukarefushwa. Nilifurahi kuliko wote. Mama yangu alikuwa kijijini Goweko, na jirani yake mwenye duka alikuwa na televisheni ya kutumia betri ya gari. Mama hakuwahi kuniona nikisoma. Nilimtumia salamu: siku ya kujaribu mtambo, saa kumi, nenda dukani ukanione. Presha ilikuwa inamsumbua, na daktari alishatuonya wanawe asipewe habari ya kumshtua. Sikuona cha kushtua hapo.

Siku yenyewe ilipofika, mchana nilitoka kufuata tangazo. Huku nyuma fundi akahitaji maandishi ya kujaribia. Akaweka picha yangu, na chini yake: Tunasikitika kutangaza kifo cha mtangazaji wetu, kilichotokea ghafla. Alidhani inaonekana kwenye kioo cha ndani tu. Niliporudi alikuwa bado anacheka, nami nikacheka. Nikamwambia, afadhali mimi nina picha, wewe ukifa tutaazima ya nyani.

Simu ya mezani ikalia. Nikapokea. Mwanamke analia, anauliza maziko ni saa ngapi. Nilipomjibu, akaijua sauti yangu, akapiga ukelele na kukata.

Fundi akageukia mtambo. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

"Tupo hewani," akasema polepole.

"Tangu lini?"

"Tangu saa sita."

Ilikuwa saa saba imepita. Mungu wangu! Wiki nzima nimeomba picha ifike Goweko. Sasa niliomba chenga. Tulipiga simu ya mwenye duka, lakini kule mtandao ulipatikana juu ya kichuguu, na nani apande kichuguu saa hizo? Haikupatikana. Fundi akazima mtambo, akachukua pikipiki yake, nikapanda nyuma, hata viatu vya studio sikuvua.

Sitaki kuikumbuka barabara ile. Kila penye antena juu ya paa moyo ulinipasuka. Akilini nilimwona mama ameanguka mlangoni pa duka, wameshamfunika khanga. Njia nzima nilimpiga fundi ngumi za mgongo. Mtani hakasirikiwi, wanasema. Nilikasirika hadi nikatapika.

Kwetu habari ya kifo haitupwi usoni kwa mama mtu. Majirani huja mmoja mmoja na kuni, na maji, wanakaa, wanasubiri wazee wafike ndipo waseme. Kwa hiyo nilipoona wanawake wamejitwika kuni wanaelekea kwetu, nilijua picha ilifika, tena ilifika safi.

Wa kwanza kuniona alibwaga mzigo. "Mzimu!" Wakatawanyika kama kuku. Niliingia uani nikikimbia.

Mama alikuwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, midomo imemkauka. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Lakini amezika wengi, kuni anazijua. Alinishika uso, mabega, mikono. Nikadhani yamekwisha.

"Basi si wewe," akasema. Kifua kilikuwa kinampanda na kushuka. "Ni yupi? Ni yupi katika wadogo zako?"

"Hakuna, mama. Hakuna aliyekufa."

"Kuni zote hizi?"

Fundi alikuwa ameshapiga magoti mchangani. "Shikamoo mama. Ni mimi mtani wenu. Nilitania."

Mama alimtazama mpaka nikaogopa upya.

"Marahaba," akasema. "Zirudishe. Kila mzigo kwa mwenyewe, na useme kwa mdomo wako kwamba mwanangu yupo."

Alizibeba kichwani, nyumba kwa nyumba, hadi jua likazama. Muda wote huo mama alinishika kifundo cha mkono, pale daktari anaposhika kusikiliza damu.

Kituo hakikudumu. Ving'amuzi vilikuja, tajiri akauza mlingoti kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na kwenye vyumba vile sasa wanashona sare za shule. Mama aliishi miaka mingi baadaye. Lakini kila nilipomtembelea, jirani akipita njiani na mzigo wa kuni, mama aliacha alichokuwa anafanya, akaanza kututaja sisi wanawe watano kwa majina, taratibu, mmoja mmoja, hadi yule jirani aupite mlango wetu.