Kebo ya Manjano na Samaki wa Safari

Siku kebo ya manjano ilipofika kiwandani, wafanyakazi walikuja kuitazama mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kumwona mtoto mchanga. Wengine waliishika. Mmoja aliinusa. Ilikuwa bapa, laini, yenye harufu ya plastiki mpya, na mimi niliifurahia kupita kiasi. Sioni haya kusema hivyo. Kuna wanawake wanaofurahia vitenge, nami pia ninavipenda, lakini kebo ile ilinifanya niimbe.

Kiwanda chetu kinatengeneza sabuni ya mawese hapa Kisangani, upande wa kulia wa mto. Kabla ya kebo hiyo, kila kihisi kilikuwa na nyaya zake. Kihisi ni kile kifaa kinachoiambia mashine kwamba tangi limejaa, au kwamba kipande cha sabuni kimefika mwisho wa mkanda. Kwa mazungumzo ya kiwandani tunasema capteur. Kila vali na kila mota pia ilikuwa na nyaya zake, na zote zilikwenda kubanana katika kabati moja la umeme. Ukifungua mlango wa kabati, nyaya zinakumwagikia miguuni. Mende walikuwa wamehamia humo pamoja na ukoo wao wote.

Katika mfumo mpya, kebo moja inazunguka kiwanda kizima na kila kifaa kinaing'ata pale kilipo. Ninaposema kinaing'ata, sitanii. Kiunganishi kina meno madogo ya chuma. Unalaza kebo, unabana kifuniko, meno yanatoboa plastiki na kugusa shaba iliyo ndani. Unasikia "ta!" na kazi imekwisha. Kebo hiyohiyo inakipa kifaa umeme, na hiyohiyo inabeba maneno yake mpaka kwenye kompyuta ya mashine, ile tunayoiita automate.

Fundi wetu wa mitambo hakuamini. Ni mwanamume mnene, mwimbaji wa kwaya, baba wa mapacha, na mtu mwenye maoni juu ya kila kitu.

"Ingé," aliniambia, akifupisha ingénieur, yaani mhandisi, "donc hii kamba moja ndiyo itabeba courant na habari pamoja? Na ikichanganya?"

"Haichanganye, papa," nilijibu, maana kwetu kila mwanamume wa umri wake ni papa, yaani baba.

"Bon. Mi iko naangalia tu."

Na kweli aliangalia, mikono kifuani, huku mimi nikibana viunganishi na kuimba.

Nilikuwa nimerudi kutoka Kolwezi, kwenye migodi ya shaba, ambako nilijifunza kazi hii na kuichukia baridi ya asubuhi. Mwenye kiwanda, mtu wa Maniema asiyepoteza neno hata moja, alikubali kunijaribu kwa masharti yake. Aliniwekea siku ya Jumamosi akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Samedi mashine itatembea mbele yangu. Ikitembea, unabaki. Ikikataa, tunarudisha nyaya ya zamani, na weye unarudia Kolwezi."

Hakuwa ananitisha. Kazi yangu haina wateja wengi katika mji huu, na bila kiwanda kile ningelazimika kupanda ndege. Mimi sikutaka kupanda ndege. Nilitaka kubaki karibu na papa aliyenizaa, ambaye anaishi peke yake Lubunga, ng'ambo ya mto, tangu mama atutoke.

Hapa lazima nieleze habari ya samaki. Papa ni mvuvi, mtu wa ukoo wa Isangi, na kwetu samaki mbichi ni wa anayebaki. Anayesafiri hupewa samaki wa moshi, kwa sababu hawaozi njiani. Miaka yote ya Kolwezi, kila likizo yangu iliishia kwenye kikapu cha samaki wa moshi. Nilikuwa nikikipakata kule Bangboka nikisubiri ndege, jirani yangu akinuna kwa harufu, nami nikilia huku nikijifanya nina mafua. Nakichukia kikapu kile. Samaki wenyewe ni watamu sana.

Jumapili moja nilivuka kwa pirogi, yaani mtumbwi, kwenda kumweleza papa kazi yangu mpya. Nilimkuta anatengeneza ile kamba yake ndefu ya kuvulia, yenye ndoana nyingi zilizoning'inia. Nikaona mfano umejileta wenyewe.

"Papa, kebo yangu iko kama hii kamba. Kamba ni moja, ndoana ni mingi."

Akatazama kamba, akanitazama mimi.

"Sasa samaki ikivuta, unajua namna gani ni ndoana gani?"

Nilicheka kwa furaha, maana hilo ndilo swali lenyewe. Nikamwambia kwamba kila kifaa kwenye kebo kina namba yake. Automate inaita namba moja baada ya nyingine, bila kuchoka: wewe, tangi limejaa? Wewe, mota inazunguka? Kila mmoja anajibu anapoitwa, na asiyeitwa ananyamaza.

"Kama batoto ya masomo," papa alisema.

"Ndiyo, papa. Lakini hawa wananyamaza kweli."

Hapo ndipo nilipomweleza pia sharti la Jumamosi. Aliendelea na ndoana zake. Lakini nilipovuka tena katikati ya wiki kumpelekea sabuni, nilikuta moshi uani, na juu ya moshi chanja, na juu ya chanja samaki waliopangwa vizuri, wanakauka.

Nilipandwa na hasira. Mimi hupandwa haraka, watu wa kwetu wananijua.

"Papa! Samedi haijafika hata!"

"Samaki inakauka pole pole," alijibu bila kuinua macho. "Ni vizuri kuanza mbele."

Nilirudi mtoni nikizungumza peke yangu, mpaka mpiga kasia akaniuliza kama nina homa.

Kazi, kwa upande wake, ilikwenda vizuri. Vihisi vilijibu, vali zilifunguka na kufungwa, mkanda ulitembea. Kila kifaa kiliwasha kitaa chake cha kijani, na wanawake wa kufungasha sabuni walianza kunipigia makofi kila kitaa kipya kilipowaka. Fundi alishusha mikono kifuani. Alifikia hatua ya kunishikia kebo, na akaanza kusema "kamba yetu".

Yalibaki matangi ya mawese. Ni mawili, yamesimama bega kwa bega, yametoka kwa fundi mmoja siku moja, na kila mtu kiwandani anayaita mapasa, yaani mapacha. Ijumaa asubuhi kihisi cha tangi la kushoto kilianza kusema uongo: tangi tupu, chenyewe kinasema limejaa. Vihisi vipya vilikuwamo ndani ya boksi. Nilipaswa kwenda Bangboka kupokea vali iliyokuja na ndege, kwa hiyo nilimwomba fundi akibadilishe kile cha kushoto. Ni kazi rahisi mno. Kihisi kipya hutoka kiwandani kwake bila namba. Ukikiweka kwenye kebo, automate inaona kuna mmoja amepotea na kuna mgeni mmoja asiye na namba, basi inampa mgeni namba ya aliyepotea. Hata kifaa cha kupangia namba kwa mkono sikuwa nacho, na sikuona kama nakihitaji.

Niliporudi, kitaa kikubwa cha automate kilikuwa chekundu.

Tangi la kushoto halikujibu. La kulia pia halikujibu, nalo asubuhi lilikuwa zima. Fundi alikuwa amesimama kando, anapangusa mikono iliyokwisha kuwa safi.

Nilikagua umeme: upo. Nilifungua viunganishi vya upande ule na kuvibana upya, ta, ta, ta, na kila "ta" ilizidi kuniudhi. Nilipitisha vidole kwenye kebo yote nikitafuta mahali ilipochubuka. Nikatafuta maji. Nikatafuta panya. Wanawake wa kufungasha waliacha kupiga makofi na kuanza kunihurumia, jambo ambalo siliwezi kabisa. Mchana ulikuwa unakwisha, kesho yake ilikuwa Jumamosi, na kila nilipofumba macho niliona chanja na moshi. Niliogopa. Niliogopa vibaya, na nikiogopa mimi hufoka, basi nilimfokea fundi, nikamfokea mlinzi, nikaifokea kebo.

"Kamba ya Bazungu," mlinzi alisema kwa upole, "inapenda maneno ya pole pole."

Nilikaa chini kwenye pipa la soda ya kutengenezea sabuni lililogeuzwa. Fundi akaja na chupa ya maji, akakaa karibu yangu.

"Ingé, mi nilifanya vile ulisema. Nilitoa capteur ya zamani, nikaweka mupya. Zote mbili."

Nikageuka.

"Zote mbili nini?"

"Capteur. Ya kushoto na ya kuume."

"Papa, ya kuume ilikuwa nzima!"

"Najua iko nzima," alisema, akaonekana kushangaa kwamba mtu mwenye shule zangu halielewi jambo kama hilo. "Lakini ni mapasa. Unavalisha moja nguo ya mupya, ingine unaacha na ya zamani? Ingine itakasirika. Kwangu nyumbani, nikileta viatu, naleta mara mbili. Nikileta biscuit, mara mbili. Ule mutoto unasahau, ndiye anagonjwa."

Nilimtazama. Kisha nikaanza kucheka, na kicheko kilinishika mpaka nikashika tumbo na machozi yakatoka. Yeye alingoja tu, kwa heshima, nimalize.

Sasa kila kitu kilieleweka. Kwenye kebo walikuwako wageni wawili wasio na namba, na waliopotea walikuwa wawili. Automate ilipoita, "Mgeni, wewe ni nani?", wote wawili walijibu kwa pamoja, nayo haikusikia kitu. Na hata ingesikia, ingejuaje nani apewe kushoto na nani kulia? Basi ilinyamaza na kuwasha kitaa chekundu. Kebo yangu ilikuwa nzima kabisa tangu asubuhi.

"Ile ya zamani ya kuume iko wapi?"

Alikuwa ameifunga katika kitambaa safi na kuiweka kabatini mwake. Mtu huyu hatupi kitu kizima. Nikamwambia tuirudishe mahali pake kwanza.

Alikunja uso. "Na mapasa?"

Ningeweza kumwambia kwamba matangi hayana roho na kwamba mimi ndiye ingénieur. Maneno hayo yalinifika mpaka mdomoni. Lakini nilimwona anavyoyatazama matangi yale, nikajua anawaona wanawe.

"Papa, siku mapasa yako yalizaliwa, yalitoka yote mara moja?"

Akafikiri. "Hapana. Moja ilitangulia."

"Na ingine ilikasirika?"

"Ilingoja kidogo. Halafu ilikuja na kelele yake."

"Basi na hawa vilevile. Moja itangulie, ipate namba yake. Halafu ingine."

Aliinuka na kwenda kuleta kitambaa chake.

Tulirudisha kihisi cha zamani kulia, na automate ikakitambua mara moja. Sasa aliyepotea alikuwa mmoja, na mgeni mmoja. Kitaa cha kushoto kilipepesa, kikatulia kwenye kijani. Ndipo tukatoa kile cha kulia na kuweka mwenzake mpya. Kikapepesa. Kikatulia. Kitaa chekundu kikazimika, na fundi akatoa sauti ya kwaya ambayo sijawahi kuisikia hata kanisani. Wanawake walipiga makofi na vifuniko vya ndoo. Jua lilikuwa bado lipo.

Jumamosi mwenye kiwanda alikuja na funguo zake mkononi. Nilibonyeza kitufe. Vali zilifunguka, mawese yakashuka kutoka kwa mapasa wote wawili kwa usawa, mkanda ukatembea, sabuni zikaja zikifuatana. Alizitazama muda mrefu. Alichukua moja, akaigeuza, akaiweka.

"Bon," alisema. "Lundi ufike mapema."

Fundi ndiye aliyenitafsiria kwamba Jumatatu bado nina kazi, kwa kunirusha juu kama gunia.

Sikubadilisha hata nguo. Nilishuka mtoni, nikaingia pirogi ya kwanza, na njia nzima nilikuwa napanga namna ya kumwambia papa: nianze na kebo, au mapasa, au nimpe habari yenyewe tu? Nilipanda kilima cha Lubunga karibu nikikimbia, nikaingia uani na kusimama.

Moto ulikuwa umezimwa. Chanja kilikuwa kitupu. Majirani walikuwa wamekaa chini na watoto wao, mikono imejaa mafuta, wanakula samaki wa moshi, na mifupa imetapakaa kwenye majani ya ndizi. Papa alikuwa pembeni anapara samaki mkubwa mbichi, kapiteni, mkia wake ukiwa bado unatikisika.

"Papa," nilisema, "nani amekuja kukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Kama mashine imetembea. Kama nabaki."

Kisu kilisimama. Aliinua macho, na nikaona kweli hakuwa amejua.

"Hakuna mutu alikuja," alisema. "Asubuhi niliamka, nikaangalia ule kikapu, nikasema hapana. Nimechoka kukausha samaki." Akainama tena juu ya kapiteni, na magamba yakaanza kuruka. "Leta maji. Huyu tunakula leo."