Nilienda kupiga picha milango ya babangu kwenye hoteli inayobomolewa, nikasahau pa muhimu

Wakuu, hamjambo? Hii sikusimuliwa na mtu. Ilinikuta mimi, na babangu yuko hai, nikidanganya atanikana hadharani.

Mimi ni mpiga picha huku Eastlands. Harusi, graduation, passport. Kwetu ni Mowlem.

Kuna hoteli upande wetu, jina naliacha. Enzi zake ilikuwa hoteli kweli: swimming pool, bendi kila Jumapili, maharusi wakingojeana zamu kwenye ngazi. Siku hizi pool imeota nyasi na madirisha yameng'olewa.

Milango ya ukumbi wake, miwili mikubwa ya mvule, ilichongwa na babangu. Ndivyo alivyotuambia tangu utotoni. Alitoka Ukambani na patasi zake kwenye mfuko wa unga. Krismasi alikuwa akitupeleka pale kunywa soda, lakini soda ilikuwa kisingizio. Alitaka tuiguse ile milango.

Shida ni kwamba mwenye hoteli aliwaambia wageni imeletwa kutoka Pwani. Basi Anko Kioko, kaka ya mamangu, akapata la kusema maisha yake yote. Kila sherehe: "Shemeji, milango yako ya Pwani haijambo?"

Watu wanacheka. Mzee anainamia sahani yake. Na aibu yangu, wakuu, ni kwamba wakati mwingine nilicheka nao.

Mwezi jana nikasikia hoteli inabomolewa. Nikabeba camera, nikaongea vizuri na soja wa gate, akanifungulia.

Nilipiga saa tatu nzima. Ngazi, stage ya bendi, counter tuliyonunulia soda. Milango ilikuwa wazi, nikaipiga kila ua na kila jani alilochonga. Picha kali! Nilijisifu peke yangu kama mwendawazimu.

Nikampelekea Mzee. Akazitazama zote pole pole, halafu akacheka.

"Umepiga uso tu. Jina langu litaonekana wapi? Fundi akikatazwa kuweka jina, analichonga kwenye ukingo wa juu, mahali hata mpangusa vumbi hafiki."

"Sasa Baba, mbona hukutuambia miaka yote hii?"

"Kuna mtu aliniuliza? Mlikuwa mnacheka."

Ilinichoma. Hadi leo inanichoma.

Asubuhi yake niko gate. Mashine imeshafika. Soja akaniambia, "Buda, leo hakuna kuingia. Wanaanza saa hii."

Foreman akatokea, mama mmoja mwenye helmet ya njano. Nikamweleza yote, hata habari za Anko. Akatazama saa yake.

"Dakika kumi. Na uvae helmet."

Akaleta ngazi ya kuegemeza, akanishikia yeye mwenyewe. Nikapanda, nikapangusa vumbi kwa mkono wa shati. Herufi zikatoka moja moja, safi kabisa:

MUTISO. KWA MUMBUA.

Mumbua ni mamangu. Hatuko naye tena. Nililia juu ya ile ngazi, sioni haya kusema.

"Kuna nini huko juu?" foreman akauliza.

"Ni wazazi wangu," nikamwambia.

Alipiga simu kwa mwenye ploti, kisha akaamuru milango itolewe kwanza, nzima. Tukapewa. Wakuu, tukapewa!

Jumapili tuliilaza uani kwa Mzee, ukoo wote umefika. Anko Kioko akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye jina la dada yake, herufi kwa herufi.

Akavua kofia. "Fundi," akasema. Hajawahi kumwita hivyo.

Mzee akamsogezea kiti. "Kaa, shemeji. Na hicho kiti ulichokalia miaka yote ukinicheka, pia nilikichonga mimi."

Nyumba nzima iliangua kicheko, na safari hii Mzee alicheka kuliko sote.

Nilichojifunza: nilikuwa na camera nzuri na sikuwahi kuuliza swali moja. Wazee wenu walijenga nini hapa Nairobi, na mmeshawauliza jina lao liko upande gani? Leteni picha hapa chini, nazisubiri.